Ndege wa Zainabu

Tulimzika Mzee Ndahani kule Buigiri, siku ya upepo mkali, na mwenye kuendesha shughuli alinifuata chini ya turubai akaniuliza kama ningesema maneno mawili kwa niaba ya vijana aliowafundisha ndege. Nikamwambia sitaweza. Akamwendea Frenki, ambaye alisimama na shati lake la kazi lenye mifuko mingi akasema vizuri sana, kwamba mzee alimkuta hana mbele wala nyuma akampa macho. "Alinipa macho," ndivyo alivyosema, na wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu nyuma yangu wakaguna kwa kukubali. Zainabu hakuwepo. Nilikuwa nimemtafuta kwa namna ninavyotafuta watu siku hizi, kwa mwendo na sauti kwanza, sura baadaye, nikazunguka uwanja mzima mpaka nikahakikisha. Niliporudi nyumbani nikaanza kuandika, na nimeyaandika na kuyafuta haya mara nyingi, kwa sababu siwezi kuiacha sentensi yenye kasoro ipite, na kwa sababu sijawahi kumweleza mtu habari za mwaka ule bila kujipendelea au kujichapa. Safari hii nitajaribu kuyaacha yakae kama yalivyokuwa.

Mwaka ule mimi na Zainabu tulikuwa tumepanga chumba kimoja Chang'ombe, nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli. Kilikuwa na kitanda kimoja, ndoo tatu za maji, jiko la mkaa tulilolitoa nje kila jioni na kulirudisha likiwa bado na joto, maana kipupwe cha Dodoma huingia chini ya mlango kama mtu mwenye ufunguo. Upande wa pili wa ukuta alikaa fundi cherehani na mke wake, nasi tuliujua ugomvi wao wote na suluhu zao zote. Zainabu alitoka Chemba. Akiongea na mama yake kwenye simu kwa Kisandawe, vile vidoko vya ulimi vilikuwa vikinifurahisha, nami nikimwiga vibaya, naye akiniambia, "Edina, nyamaza, umemtukana bibi yangu." Mimi ni Mgogo, kwa hiyo yeye alikuwa na lake la kusema kila nikipakua mlenda. "Mnakula uteute mnasema mmeshiba." Halafu anakula kuliko mimi. Ndege alikuwa amewajua shambani, kwa kuamia uwele tangu utotoni, siku nzima juu ya dungu akipiga debe kufukuza kwelea kwelea. Mimi niliwajua kwa kitabu kimoja kilichotoka gamba, nilichoazima na sikukirudisha, na darubini ya mitumba iliyokuwa na mkwaruzo upande mmoja. Hakuna aliyenifundisha. Nilikariri rangi za miguu, urefu wa midomo, madume na majike, vifaranga wa mwaka wa kwanza, nikijihoji mwenyewe kitandani hadi Zainabu anigeuzie mgongo. Nikikosea jina moja nilianza upya. Sikuwa nafanya hivyo kwa kupenda tu. Nilikuwa nimefeli mambo mengi kabla ya hapo, na ndege walikuwa kitu cha kwanza ambacho niliweza kukijua bila kosa.

Kisha macho yakaanza. Ilikuwa mwisho wa mvua. Taa za barabarani ziliota mikia. Mwezi ulikuwa na mwenzake, umeegemea begani pake. Niliposoma, kila herufi ilikuwa na kivuli, kama iliyoandikwa mara mbili na mtu mwenye haraka. Nilifuta darubini, nikafuta tena, nikalaumu ule mkwaruzo. Mwisho nilikwenda kliniki peke yangu, na daktari, kijana mwenye upole, alichukua karatasi akanichorea jicho kutoka ubavuni. Kioo cha mbele, akasema, kinatakiwa kuwa cha duara kama sahani. Changu kilikuwa kinachongoka kama ncha ya yai. Miwani ya kawaida isingesaidia sana. Nikamuuliza kama kingeendelea kuchongoka. Akaweka kalamu chini. "Kwa umri wako, dada, mara nyingi huendelea. Kuna lenzi ngumu, kuna matibabu Dar. Usikate tamaa." Nilitoka nikapita sokoni nikanunua nyanya, nikarudi nikapika, na sikumwambia Zainabu. Yeye aliuliza tu mbona nimetia chumvi mara mbili.

Sikumwambia kwa sababu ya Mzee Ndahani. Alikuwa akitembeza wageni wa ndege tangu sisi hatujazaliwa, mtu mwembamba mwenye koti la sufu alilovaa hata jua likiwaka, na mwaka ule magoti yalimshinda. Alitangaza kwamba angechukua kijana mmoja wa kufanya naye msimu mzima wa wageni na baadaye kumrithi. Tulikuwa tumefuatana naye watatu kwa miezi, mimi, Zainabu na Frenki, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa mrefu, mwenye utani mwingi, asiyejua ndege nusu ya tuliowajua sisi. Wote tulijua kwamba kiti ni kimoja. Zainabu alikihitaji kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wamempa msimu ule tu. Ukipita bila kazi angerudi Chemba, na kule kulikuwa na mwanaume aliyekwisha kukubaliwa na wajomba zake, ambaye Zainabu alimwelezea kwa sentensi moja tu, kwamba anacheka peke yake. Mimi nilikihitaji kwa sababu nilidhani nikikipata kabla giza halijafika, nitajifunza kuishi ndani yake. Nilikuwa nimeanza kuwatambua ndege kwa namna wanavyoruka na kutua, kwa sauti, kwa mahali wanapopenda kusimama. Nilijiambia kwamba hiyo nayo ni kuona.

Mzee alikuwa na desturi yake moja, na ni lazima niieleze vizuri. Watu wengi huamini kazi ya mtembezaji ni kuona ndege. Yeye alisema kuona ni jambo lako na Mungu wako. Kazi ni kuonyesha. Ukimpata ndege, hamwondoki hapo mpaka kila mmoja amemwona, na wewe uliyempata ndiye wa kumwelekeza kila mtu. Na alikataa kabisa habari za saa. Vijana wengine wa kazi hiyo huelekeza kwa uso wa saa, ndege yuko saa tatu, ndege yuko saa sita. "Saa tatu ipi?" aliuliza. "Ya mshale au ya jua? Mtu mmoja anatazama kulia, mwenzake kushoto, ndege kaondoka na zote mbili." Tulielekezana kwa miti, mawe, ng'ombe waliosimama. Jioni, kabla ya kurudi, tulikaa mahali tukala, na mzee akayaita majina ya ndege wa siku hiyo kwa kichwa, kama mwalimu anavyoita darasa. Aliyaita mahudhurio. Kila mmoja aliitikia, "Nimemwona." Mmoja akinyamaza, ndege huyo hakuhudhuria, hata kama wengine wote walimwona hadi kope. Hakuna aliyewahi kuibishia desturi hiyo. Ilikuwa ndiyo heshima yetu.

Siku yenyewe tulikwenda bwawa la Hombolo. Mzee alikuwa amesema tangu juzi kwamba siku hiyo ataamua, kwa mahudhurio. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuumiza meno, tumejazana kwenye pikapu yake, Frenki nyuma amejifunika gunia, na Zainabu amenikumbatia mkono kwa ajili ya joto. Njiani mwari mmoja alipita juu yetu, chini mno, mkubwa kama mlango, na Frenki akagonga paa la gari akisema, "Huyo, huyo, juu yenu." Mzee akasimamisha gari. Nilimwona. Niliona mfuko wa mdomo wake na manyoya ya kifuani yakitetemeshwa na upepo, maana alikuwa karibu hivyo, na nikafurahi kupita kiasi, nikajiambia daktari amekosea.

Lakini bwawa ni kitu kipana. Tulipofika, maji yalikuwa yamerudi nyuma kwa ukame, yameacha tope jeupe lenye nyufa, na ng'ambo ilikuwa mbali sana kuliko nilivyoikumbuka. Upepo ulikuwa unapiga viwimbi, jua linapiga viwimbi, na kila kiwimbi kwangu kilikuwa viwili. Wenzangu walianza kuwataja. Bata, mnandi kwenye mti mkavu, kundi la kwarara, furukombe. Nilimsikia furukombe, sauti yake huwezi kukosea, nami nikageuza darubini upande huo nikaona mti uliokuwa na mti mwingine ndani yake. "Unamwona?" Frenki aliuliza. "Namsikia," nikasema. "Kumsikia hata mimi namsikia, dada." Wakacheka, nami nikacheka. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Nilitaja majina kabla yao, kwa mruko tu, kwa kundi kugeuka pamoja, na sikukosea hata moja, na Mzee Ndahani alinitazama mara mbili kwa namna ya mtu anayeridhika. Kujua jina la kitu ambacho hukioni ni kama kumsalimia mtu gizani kwa kubahatisha. Kila akiitikia unaogopa zaidi.

Mchana Zainabu alinyanyua mkono, bila kusema, jinsi tulivyofundishwa. Akapiga magoti kwenye tope. Alitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, njoo." Mzee akaja na magoti yake, akainama kwenye darubini ya miguu mitatu. Frenki naye akatazama, bila utani hata mmoja. Ukingoni mwa matete ng'ambo, alisimama ndege mdogo wa jamii ya yangeyange, wa kahawia mwenye michirizi, kichwa amekikaza mabegani. Wa kwetu anayefanana naye yupo mwaka mzima na hatuhangaiki naye. Huyu mdomo wake ulikuwa mnene zaidi na michirizi ya mgongo mizito, karibu kuwa myeusi. Ni ndege wa Madagaska, anayevuka kuja huku kipupwe tu, na wamebaki wachache. Mzee alikuwa amemwona hapo mara moja, ujanani. "Binti," alimwambia Zainabu, "hata mimi ningempita." Halafu akajiweka sawa na kusema yale yaliyobaki kusemwa. "Haya. Mwonyeshe Edina."

Nikaweka jicho. Niliona kahawia. Kahawia yote ilikuwa matete, na matete yote yalikuwa na vivuli vyake, yakisimama yakiinama, na hapo ndani palikuwa na ndege mmoja ambaye kazi yake yote duniani ni kufanana na tete lililokauka. "Anza kwenye kisiki," Zainabu akasema. "Umeona kisiki?" Sikuona kisiki. "Kuna ng'ombe mweupe juu yake kidogo." Nikaona kitu cheupe. "Teremka kutoka kwa ng'ombe, polepole, kuna pengo kwenye matete. Yuko mlangoni pa pengo." Nikateremka. Hapakuwa na mlango. Akaniondoa kwa upole, akatazama, akaipanga darubini upya, akanirudisha. "Hapohapo katikati. Usiguse kitu." Sikugusa kitu. "Sijamwona," nikasema. Frenki akaja na maelekezo yake. Mzee akahamisha darubini mahali pasipo na mng'ao, akashika miguu yake isitikiswe na upepo. Walinisubiri. Ndilo jambo ninaloliota hata leo, jinsi walivyonisubiri, watu watatu wenye njaa wakipigwa na baridi, bila hata mmoja kuguna, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu. Ningefurahi wangenitukana. Zainabu akapiga magoti karibu yangu, mdomo sikioni, pumzi yake ya moto. "Edina. Sema umemwona. Neno moja tu. Tafadhali." Nilijua alichokuwa anakiomba. Nilijua hadi habari za yule mwanaume anayecheka peke yake. Nikafungua mdomo. Na wakati nimefungua mdomo, nilikuwa bado natazama, nikitazama kwa nguvu hadi machozi yakanitoka, nikiamini kwamba nikiongeza bidii kidogo tu nitamwona kwelikweli, na sitahitaji kuchagua. Frenki akasema, "Ameruka." Na kweli akaruka. Wote watatu walimfuata kwa vichwa, mabawa meupe ghafla juu ya maji, waliniambia baadaye. Nilikuwa bado na jicho langu kwenye matete.

Tulikula kwa mama ntilie mmoja pale ufukoni, kibanda cha mabati na mabua, perege wa kukaanga na ugali wa uwele na pilipili iliyosagwa na chumvi. Mama mwenyewe alikuwa akigombana na mvuvi aliyemletea samaki wadogo. "Hawa umewatoa shuleni, warudishe." Kongoti alisimama karibu na takataka za samaki, hatua chache kutoka mezani petu, kipara chake kimejaa madoa, na Frenki alimwambia shikamoo, babu. Hakuna aliyecheka. Mzee alinawa, akafuta mikono kwenye koti, akaanza mahudhurio.

Mnandi, akasema. Zainabu akaitikia. Frenki akaitikia. Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimekwisha kujipanga kwamba nitakubali wote isipokuwa mmoja. Yule mmoja ningenyamaza, ningeumia, ingekwisha. Lakini mnandi sikumwona. Nilijua alikuwepo. Ningeweza kumchora. Na kama nitasema nimemwona mnandi ambaye sikumwona, basi kwa nini sikusema nimemwona ndege wa Zainabu? Ni nini kingekuwa kimebaki cha kunifanya ninyamaze pale, isipokuwa kwamba kule ilikuwa kwa ajili yake na huku ni kwa ajili yangu? Nilinyamaza. Mzee akasubiri, akaendelea. Kwarara. Nikanyamaza. Furukombe. Nikanyamaza. "Dada, furukombe?" Frenki akasema. "Alikuwa anapiga kelele kama tarishi." Mzee akainua kidole, Frenki akaacha. Bata. Yangeyange. Mmoja mmoja siku yetu ilikuwa inatoka mezani, na mimi ndiye niliyekuwa naitoa, na sikuweza kuacha. Zainabu aliacha kula. Mzee akamtaja ndege wa Madagaska kwa sauti ileile, wala hakuishusha. Zainabu akasema nimemwona. Frenki akasema nimemwona. Upepo ulikuwa unagongesha bati moja lililolegea.

"Mzee," nikasema, "macho yangu yanaharibika. Nilikwenda kupimwa. Zainabu alinielekeza vizuri, hakuna aliyewahi kunielekeza vizuri vile. Kosa si lake."

Alinitazama. "Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Pole sana, binti yangu," akasema, na alimaanisha. Kisha akageuza sahani yake kidogo, kama mtu anayetafuta upande wa kuanzia. "Lakini Zainabu, nisikilize. Wageni wangu wengi ni watu wazima. Wanakuja wakiwa wamestaafu, nusu yao wana mtoto wa jicho, wengine mikono inatetemeka. Hao ndio utakaowaonyesha. Hawatakuwa na macho ya Frenki."

"Nilimwonyesha kila namna, mzee."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa ningefanya nini?"

Mzee alifikiri, na nadhani alikuwa anatafuta kwa dhati. "Sijui," akasema. "Ila hakuona." Akamaliza mahudhurio. Wakabaki kongoti, ambaye alijileta mwenyewe, na mwari wa asubuhi, wa Frenki. Akamwambia Frenki aende kwake Jumatatu wapange msimu. Frenki alisema asante akiwa ameinamisha kichwa, akachukua mwiba kwenye samaki wake na kuutazama.

Nimesoma kwamba ukweli huweka watu huru, na labda kuna watu unaowaweka. Mimi nimekaa na mchana ule miaka hii yote, sasa nina lenzi ngumu inayouma kama punje ya mchanga na inayonipa jicho moja la kufanyia kazi, na bado sijui kama nilinyamaza kwa sababu ya uaminifu au kwa sababu ya ule ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe safi, hata kama usafi huo unafuliwa kwa maji ya mtu mwingine.

Tulirudi nyuma ya pikapu, mimi na yeye, tumejifunika gunia la Frenki aliyekuwa amehamishiwa mbele. Hakuninyima bega, na baridi ilikuwa kali. Hakusema kitu. Chang'ombe tulifika jua linazama, fundi cherehani anafunga. Zainabu aliwasha jiko, akaliingiza ndani kabla halijashika vizuri, akampigia mama yake simu, akaongea kwa kifupi, na safari hii sikuiga. Alipokata, katika mwanga hafifu wa jiko, alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, upande wa pili wa chumba, ambao si mbali. Ungeweza kunyoosha miguu ukamfikia.

"Mimi unaniona?" akauliza.

"Nakuona umekaa."

"Sijauliza kama nimekaa. Uso wangu unauona?"

Nilikuwa nimechoka kusema kweli, lakini sikuwa na kingine. "Hapana."

Akasimama, akasogeza ndoo, akakaa. "Hapa?"

"Bado."

Akasogea tena, ndoo ikikwaruza sakafu. "Hapa?"

"Naona macho yalipo. Sioni yakoje."

Akaiacha ndoo akaja kukaa kitandani, magoti yake yakagusa yangu, akainama mpaka nikaisikia harufu ya samaki na moshi. Hapo nikamwona. Vumbi la barabara lilikuwa limemkauka usoni, na lilikuwa limepasuliwa kwa mistari kutoka machoni hadi kidevuni, mingi, mingine imekauka na mingine imepita juu yake tena. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega njia nzima kutoka bwawani, nikidhani amenyamaza tu.